Mvukuto wa Bwana Perakis

Mzee Chola alikuwa na majina mengi ya kumwita mwanawe, na "fundi" halikuwamo. Alimwita Kasonde, alimwita Baba Bijou kwa jina la mjukuu, na akichukia alimwita mfunga bolti. Kasonde alikuwa mtu mzima, masharubu yake yameanza mvi, na gereji nzima ya Bwana Perakis ilimtegemea yeye. Wenye magari wa Élisabethville walimuulizia kwa jina. Lakini jioni akirudi nyumbani Kamalondo, mikono ikinuka petroli, mzee alimtazama kama mtu aliyekuwa anacheza siku nzima.

Mzee alikuwa na sababu zake. Ujana wake aliumalizia Kambove akiyeyusha shaba, enzi za tanuri za udongo, kabla ya wazungu kuja na tanuri zao. Katika ukoo wao mtu alikuwa fundi kwa njia moja tu: baba yake mzazi aulishe mvukuto wake wa kwanza. Alikuja na mafuta ya mbarika, akayamimina mdomoni mwa mvukuto kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka kimya. Hakuruhusiwa kusema neno juu ya jambo hilo mpaka moto wa kwanza uwake na mvukuto ulie. Ndipo alipomwita mwanawe fundi mbele za watu. Mvukuto usiolishwa ulikuwa mifuko miwili ya ngozi ya kupulizia moto tu, na mwenyewe alibaki mbeba kuni.

Kasonde hakupata kumiliki mvukuto. Tanuri za udongo zilizimwa yeye akingali mgongoni mwa mama yake. Alipokua alishika spana, na mzee hakuona kwenye spana mahali pa kumimina mafuta. Jambo hilo lilimuuma Kasonde, tusifichane. Lilimuuma kuliko alivyokubali hata kwa mkewe Madeleine, ambaye alikwisha kulijua zamani.

Basi mwaka wa hamsini na tatu Bwana Perakis akaletewa sanduku kwa treni. Perakis alikuwa Mgiriki mnene mwenye sauti ya kugombana hata anaposalimia, na alikuwa na gari la michezo, jekundu, la viti viwili, ambalo alilipenda kuliko watu wengi. Gari lenyewe lilikuwa na ugonjwa mmoja. Mji wetu uko juu, hewa yake nyepesi, na kila walipopanda mlima injini ilitweta kama mzee Chola akitoka kisimani. Dawa ilikuwa ndani ya sanduku lile. Wazungu waliiita kompresa: chuma kizito cha kukumbatia kwa mikono miwili, cha kufungwa ubavuni mwa injini ili kiisukumie hewa kwa nguvu.

"Kasonde," Perakis alisema, "hii kintu iko moja tu mu Élisabethville muzima. Ukiiharibisha, utaosha mamotokari mpaka siku ya kufa."

"Haitaharibika, Patron."

Alisema hivyo, lakini alipokifungua kile chuma akakaa chini. Ndani mlikuwa na mbawa mbili nene za chuma zilizokumbatiana. Aliizungusha moja kwa kidole, na ya pili ikazunguka upande wa pili, zikapitana kwa nafasi ya unywele bila kugusana hata mara moja. Alizungusha tena, na tena. Alijua injini tangu ujana wake, akadhani zimekwisha kumwonyesha yote. Siku ile aliona haya kidogo kwa furaha aliyokuwa nayo.

Kazi aliifanya polepole. Alitoa njia ya zamani ya hewa, akaifunga kompresa mahali pake, akavuta mkanda kutoka kwenye puli ya injini na kuupima kwa dole gumba mpaka ukakubali kubonyea kidogo tu. Alijifunza miiko yake: vumbi jekundu lisiingie kamwe, chujio lisafishwe kila safari, mafuta ya gia yasizidi alama wala kupungua, na yawe ya aina yake, si mengine. Jumamosi ilibaki kabureta peke yake. Mdomo wa kompresa akaufunika kwa kitambaa safi, akaenda nyumbani.

Jioni ile, wakati wa kula bukari, ugali wa kwetu, hakuweza kunyamaza. Alimweleza mzee zile mbawa mbili, jinsi moja inavyovuta wakati nyingine inasukuma, pumzi isikatike.

Mzee aliacha kutafuna.

"Mbili?" aliuliza.

"Mbili, Baba."

"Moja inajaa, ingine inatoa mupepe?"

"Njo vile," aliitikia.

"Ile ni mvukuto," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwao na kifua chake kibovu, yeye ndiye aliyeomba kupelekwa mahali. "Kesho, nyuma ya misa, unipeleke niione."

Jumapili mlinzi wa gereji aliwafungulia. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mfukoni, kama kawaida, kichupa cha mafuta ya mbarika aliyojipaka kifuani pumzi zikimbana. Kasonde alifunua kitambaa. Mzee aliinama, akatia vidole mdomoni mwa chuma, akagusa zile mbawa, akazisukuma kidogo. Zilipoanza kupitana alishusha pumzi ndefu, akavua kofia. Mlinzi akamwita Kasonde nje amsaidie na lango lililokwama. Alitoka, wakalisukuma, akarudi. Mzee alikuwa amesimama palepale, kitambaa kimerudi mahali pake, anajipangusa vidole kwenye suruali. Njia nzima ya kurudi Kamalondo hakusema hata neno moja, wala juu ya kompresa wala juu ya jua. Kasonde alihesabu kwamba haikumfurahisha, akanywea.

Jumatatu Perakis alikuwa amemsimamia Kasonde tangu asubuhi, anatikisa mguu. Kasonde alitoa kitambaa, akafunga kabureta harakaharaka, akawasha. Injini iliguna, ikakohoa, na moshi wa buluu ukatoka nyuma kwa wingi hata mafundi wenzake wakakimbilia uani. Kisha gari likazima. Mishumaa ya kuwashia, zile plagi, ilikuwa imelowa mafuta.

"Nini hii? Nani alitia nini mule?" Perakis alipiga kelele.

Moshi ulikuwa umemfikia Kasonde puani. Haikuwa harufu ya injini. Ilikuwa harufu ya kifua cha baba yake.

Akasimama pale na spana mkononi. Alielewa yote kwa pamoja: lango, kitambaa, kile kimya cha njia nzima. Mzee ameulisha. Kile alichokingoja tangu aote ndevu kilikuwa kimemiminwa humo ndani, na kikipata moto mkali kingeganda kama gundi na kuzikamata zile mbawa zisizunguke tena. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na Perakis alikuwa anangoja.

Angeweza kusema kweli. Mlinzi angefukuzwa siku hiyohiyo, na mzee angeitwa pale atukanwe mbele ya watu kwa jambo ambalo kwao lilikuwa heshima.

"Ni mie, Patron," alisema. "Kwetu mvukuto mupya inakulaka mafuta ya mbarika mbele ya moto kuwaka. Nilifwata desturi."

Perakis alivua kofia, akaitupa chini. Hakupata tusi la kutosha. Mwishowe alisema Kasonde aisafishe, na kama haiponi, ndoo na sabuni zake ziko kule nyuma.

Kasonde aliifungua yote. Aliosha mbawa kwa petroli, akapitisha kitambaa kwenye kila pembe, akaitoa mishumaa na kuikausha. Mafuta hayakuwa yameganda bado; injini ilikuwa imezima mapema, bahati yake. Alifanya kazi ile siku kadhaa na hakuona uchovu. Alipomaliza kufunga, alitazama huku na huku, akapaka tone moja la mbarika juu ya chuma, upande wa nje, mahali pasipodhuru kitu.

Siku ya kujaribu Perakis alimpakia kando yake. "Kama inakufa njiani, utasukuma," alisema. Walishika barabara ya Kasungami. Mwanzoni lilikuwa gari lilelile. Kisha njia ikaanza kupanda, Perakis akakanyaga, na kompresa ikalia.

Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, inayopanda bila kukatika, na gari likarushwa mbele hata mgongo wa Kasonde ukabanwa kitini. Mashamba ya mihogo yalipita kama nguo inayovutwa. Mlima ambao siku zote waliupanda wakiubembeleza ulikwisha kabla hajamaliza kuuogopa. Perakis, yule Perakis mgomvi, macho yalikuwa yamemlowa, labda kwa upepo. Kasonde alishika mlango kwa mikono yote miwili akimshukuru Mungu kwa sauti.

Walirudi kupitia Kamalondo, kwa ombi la Kasonde. Mzee Chola aliisikia sauti kabla ya kuliona gari. Walipofika alikuwa barabarani, amevaa lile koti, na majirani wamejaa nyuma yake. Perakis alisimamisha gari, injini ikinguruma.

Mzee alimwendea Perakis moja kwa moja. "Bwana, sasa imelia, ninaweza kusema. Ni mie njo nililisha hii mvukuto. Mie, baba yake. Na hii mukono."

Perakis aligeuka polepole akamtazama Kasonde. Kasonde alitazama miguu yake. Hapakuwa na mahali pa kujificha katika gari la viti viwili. Mgiriki yule alinusa harufu ya koti la mzee, akakunja uso. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

Lakini mzee alikuwa amekwisha kuweka kiganja juu ya boneti. Alifumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa taabu, na chini ya kiganja ile pumzi nyingine ilikwenda, ilikwenda, haikukatika.

"Fundi," alimwambia mwanawe bila kufumbua macho, "usiizimishe kwanza."

Perakis akautoa mkono wake kwenye ufunguo.