Tonge la Saron

Siku zile sauti yangu ilikuwa ya Saron. Mimi ni Bezawit, karani wa shule hapa Addis Ababa, mpayukaji wa kuzaliwa, lakini miezi minane ya kumtazama mwanamke yule kwenye simu ilinifanya niseme kwa kunong'ona, nimevaa gauni la rangi ya maziwa. Tulikuwa laki mbili tuliomfuata mtandaoni, na nadhani sote tulinong'ona hivyo hivyo. Nyumba yake ilikuwa nyeupe, mwanga ukipenya taratibu kwenye pazia, naye akielea humo bila jasho. Nikifumba macho, nilikuwa mle.

Kisha mama akaja na sanduku lake kutoka Debre Markos. Baba alikuwa amefariki, na kule alibaki peke yake. Nilitaka ahamie kwangu moja kwa moja, nilitaka mno, ila mama si mtu wa kuomba wala kubembelezwa. Angetazama tu kama ana nafasi.

Siku ya kwanza niliandaa kama Saron: kila mtu sahani yake, injera, ule mkate wetu mwembamba, imekunjwa misokoto midogo, uma pembeni. Saron husema mwanamke anayejithamini hali kwenye sinia moja na kila mtu.

Mama alizitazama sahani. "Nani mgonjwa humu ndani?"

"Hakuna, Emaye. Ndio ustaarabu wa siku hizi."

"Basi tumegombana na mimi sikuambiwa."

Nilicheka kwa kunong'ona. Nikikumbuka naona aibu.

Siku ya tatu, mama na mimi tukila chakula cha mchana, niliegemeza simu kwenye jagi. Saron alikuwa mezani kwake, na siku hiyo yeye wa uma alitumia vidole. Alikata injera, akafungia mchuzi wa kuku, akanyoosha mkono hadi ukajaa kioo. "Gursha hii ni yako wewe," akasema.

Kwetu tonge la gursha, la kutiwa mdomoni na akupendaye, hukatai. Nikafungua mdomo. Naapa nilisikia siagi na pilipili kwenye ulimi, na chumba changu kikawa cheupe, kimya. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

Nilipogeuka, mkono wa mama ulikuwa hewani karibu na shavu langu, umeshika tonge. Mchuzi ulikuwa umemchirizika hadi kwenye kiwiko.

"Nilidhani umenifungulia mimi," alisema.

Akalirudisha sahanini kwake, akajifuta. "Kesho uniamshe mapema. Nitapanda basi la saa kumi na mbili."

Nilizima simu. Nikaleta sinia, nikamimina humo sahani zote mbili, nikatengeneza tonge kubwa kupita kiasi.

"Emaye, fungua mdomo, nakuomba." Nilisema kwa nguvu hadi jirani akakohoa. Nilikuwa nalia.

Mama alinitazama sana. Halafu akafungua mdomo, akatafuna hadi mwisho, bila haraka.

"Pilipili imezidi," akasema. "Na hiyo kesho, usiniamshe."