Mawe ya Ukingoni

Kabla hatujateremka ukingo wa Ufipa kwenda Ilemba, mwenyeji wangu Felisiani aliokota jiwe, akaliweka juu ya rundo kando ya njia.

"Nawe weka lako, mhandisi. Ukirejea unaliondoa."

"Na asiyerejea?"

"Lake linabaki."

"Mzee, bwenini tulifundishwa kutii kengele, si mawe."

Akacheka. "Haya. Huko bondeni hiyo kengele hutaisikia."

Nilikuwa nimetumwa kupima kama njia ile yastahili kuwa barabara. Fomu ilidai magari ishirini kwa siku. Siku tatu nilikaa bondeni, mpunga ukiota ukungu ghalani kwa kukosa njia ya kuupandisha juu, nami sikuona gari hata moja. Niliandika sifuri. Sijawahi kuandika uongo katika karatasi ya serikali.

"Yapite wapi, mwanangu?" Felisiani aliuliza. "Yaruke?"

Siku ya nne tulipanda huku mvua ikinyesha. Katikati ya mteremko tuliwapita wanaume wanne waliobeba kitanda cha kamba. Juu yake alilala Tereza, binti wa Felisiani aliyeolewa bondeni, uchungu ukiwa umemshika tangu jana yake. Hospitali iko Sumbawanga, na gari langu lilikuwa juu.

"Baba, tangulieni!" mmoja alihema. "Gari lisiondoke!"

Tulifika. Dereva aliwasha injini. Felisiani aliondoa jiwe lake, kisha akanionyesha jingine, jeupe. "La Tereza. Aliliweka siku ya harusi. Leo ataliondoa mwenyewe."

Kutoka chini wimbo wa wabebaji ulikuwa ukipanda. Ili kutuliza moyo, nilihesabu mawe: arobaini na moja.

Wimbo ukakatika.

Nilihesabu tena, kwa umakini niliofundishwa. Arobaini na mawili. Juu ya rundo palikuwa na jiwe dogo, kama ngumi ya mtoto mchanga. Mvua ilikuwa ikitupiga sote, nalo lilikuwa kavu.

Felisiani alivua kofia.

Tereza alifika akiwa hai, kanga ya mtoto ikiwa tupu kifuani. Akiwa kitandani alinyoosha mkono, akaondoa jiwe lake jeupe. Lile dogo hakuna aliyeligusa.

Garini nilifungua fomu. Sifuri niliiacha, maana ni kweli. Chini yake, mahali ambapo hapakuwa na safu, niliandika: mawe arobaini na moja, barabara ijengwe.