Madoa Meupe Kwenye Shamba la Plamu

Kila Agosti wachoraji wa mjini walifika kijijini kwa kina Vidosava. Halmashauri iliwapa malazi na chakula juma zima, na kila mmoja alipoondoka aliacha mchoro mmoja. Ile kumi bora ilitundikwa ukumbini kwenye zahanati. Vidosava alikuwa amewapikia miaka tisa. Mwaka huo aliomba naye achore.

Hakutafuta sifa. Mumewe, Radisav, alikuwa amepooza miguu, na kila Jumanne Vidosava alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda zahanati kupimwa presha. Miaka miwili mzee hakuwa ameliona shamba lake la plamu kule kilimani. Vidosava alitaka mumewe alione ukutani anaposubiri zamu yake.

Profesa Gvozden, mkuu wa wachoraji, aliishika karatasi aliyochora Vidosava akafumba jicho moja.

"Mama, naona miti. Miti tu. Hisia zako ziko wapi?"

Vidosava akajibu kwamba alidhani miti inatosha. Wachoraji wenzake, ambao milima waliyoichora ingeweza pia kuwa supu ya kabichi, walimwonea huruma. Lakini kesho yake Profesa alimletea brashi yake mwenyewe, ile nzuri, kwa kuwa ya mama ilikuwa inanyonyoka. Vidosava hakulisahau hilo.

Ijumaa, siku ya mwisho, Profesa aliketi naye chini ya mti wa jozi amfundishe kuyaacha maji ya rangi yaseme yenyewe. Mezani, kama ilivyo desturi, kila mchoraji alikuwa na glasi mbili: moja ya kusuuzia brashi, nyingine ya rakija, pombe kali ya plamu iliyo nyeupe kama maji ya chemchemi. Profesa, huku akihubiri, alichovya brashi kwenye rakija akaikung'uta juu ya miti ya Vidosava, ambayo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Kila tone lilipoangukia, rangi ilikimbia pembeni, ikabaki duara jeupe. Kisha akainua glasi ya pili, akaimaliza, akasema rakija ya mwaka huu ni laini.

Midomo yake ilikuwa ya buluu. Vidosava alitazama shamba lake lenye madoa. Muda wa kuchora upya haukuwepo.

Saa kumi kamati ya kuchagua michoro ikaja. Profesa alisimama mbele ya mchoro ule, akafumba jicho moja.

"Hatimaye mama amejiachia," alisema.

Wakazungumzia huzuni, vita, na upweke wa nyota. Vidosava akawaeleza kwamba ile ni rakija tu. Mwenyekiti akaandika kwamba msanii pia ni mnyenyekevu.

Mchoro ukapewa nafasi ya heshima ukumbini kwenye zahanati, juu karibu na dari.

Jumanne Radisav aliinua shingo asione kitu. Profesa alikuwepo, kwani tumbo lilikuwa limemchelewesha kuondoka, naye alikuwa kwenye foleni. Bila kuombwa akaazima nyundo kwa mlinzi, akaushusha mchoro mpaka usawa wa kile kiti.

Mzee alitazama. Vidosava alishika mgongo wa kiti, maneno ya kuomba radhi yakiwa tayari mdomoni.

"Mke wangu, umechora Aprili," alisema Radisav. "Miti yote imechanua maua meupe." Kisha akanyoosha kidole. "Na huu uliopinda hukuuacha."

Profesa alikuwa ameshafungua mdomo kueleza upweke wa nyota. Akamtazama mzee, akaufunga.