Mali ya Kijiwe cha Mtaroni

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nisubiri zipoe. Zangu hazipoi. Mie nakumbuka. Nakumbuka jina la mwalimu aliyefungia kompyuta nne za msaada kwenye chumba cha shule yetu, akazifunika vitambaa, akasema wanafunzi watazitia vumbi. Tukamaliza kidato cha nne hatujagusa hata kitufe. Nakumbuka nyumba ya baba ilivyopigwa alama ya X ya kubomolewa ukutani, na rangi nyekundu ilivyochuruzika mpaka kwenye ndoo ya mama. Kwa hiyo na hili nitalikumbuka, na nitalieleza lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga mwenyewe.

Naitwa Wilbert. Natengeneza simu Kimara, na meza yangu iko ng'ambo ya kijiwe cha bodaboda kinachoitwa Mtaroni, kwa sababu pikipiki zinapangwa pembeni ya mtaro. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwenye laptop ya mteja mmoja aliyeileta ikiwa imekufa na hakurudi tena. Nilimsubiri mwaka mzima, kisha nikaifufua.

Kijiweni abiria hagombaniwi. Aliyefika wa kwanza anapakia wa kwanza, akirudi anakaa mwisho wa mstari. Hiyo ndiyo zamu. Miaka yote zamu iliandikwa kwenye daftari la mwenyekiti, Brightson, na miaka yote watu walishikana mashati kwa ajili ya daftari hilo, maana lilikuwa linaloa, linapotea, na wakati mwingine linakumbuka vizuri zaidi majina ya rafiki zake mwenyekiti.

Nikaandika programu. Ndogo tu, mistari mia mbili na ushee. Dereva akifika anabipu namba ya kijiwe. Inalia mara moja, anakata, haimgharimu kitu. Simu ya zamani niliyoiunga kwa waya kwenye laptop inaisoma namba, na jina la dereva linatokea kwenye skrini niliyoitundika mezani kwangu, kila mtu analiona. Haihitaji bando wala simu janja. Nikaiita Zamu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hata daftari halikuwahi kulikosea, nami nikaliingiza kama lilivyo. Aliyefiwa anashikiwa zamu. Jina lake linakaa juu kabisa, wenzake wanapita pembeni yake, na siku anayorudi kutoka msibani abiria wa kwanza ni wake, hata kama amekaa huko wiki tatu. Hakuna anayehesabu siku. Kipande hicho cha programu nilikiita tanga. Kilikuwa mistari kumi na minne, na ndicho nilichokipenda kuliko vyote, kwa sababu asingeweza kukifikiria mtu ambaye hajawahi kukaa Mtaroni.

Zamu nikaiweka mtandaoni, wazi, yeyote aisome na aichukue. Programu za aina hiyo huwa na faili la leseni, linalosema mwenye mali ni nani na masharti yake ni yapi. Mie nikaandika: *Mali ya Kijiwe cha Mtaroni, Kimara. Chukua, tumia, badilisha. Ukibadilisha, weka wazi ulichobadilisha, kama sisi tulivyoweka.* Jina langu sikuliweka. Nilijiona mtu mkubwa kweli kweli kwa kutoliweka.

Miezi miwili baadaye akaniandikia mtu wa Mbezi Beach, Jawad Bandali, mfamasia kwenye duka la dawa la familia yao. Na yeye ni mgonjwa wa mambo haya, jioni akifunga duka anachezea programu za watu. Aliona kwamba madereva wawili wakibipu kwa pamoja mmoja anapotea, akatengeneza mistari kumi na moja ya kuziba tundu hilo, akanitumia bure. Jumamosi moja akaja mwenyewe Kimara, tukala mihogo mezani kwangu, na kabla hajaondoka akaniambia nibadilishe lile faili. Weka jina la mtu, alisema. Kijiwe si mtu.

Nikamjibu kwamba majina yanawekwa na wanaotaka kuuza.

"Sijakwambia uuze, kaka Wilbert," akasema. "Siku mtu akikataa kurudisha alichochukua, nani atasimama amdai?"

Hapo ndipo nilipomtolea maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia mtoto wa mwenye duka hawezi kuona kitu bila kukiwekea mwenye mali, na kwamba kwao hata hewa wangeipanga kwenye rafu. Jawad hakubishana. Alifuta mikono, akafunga laptop yake, akasema haya kaka, akaondoka. Hatukuongea tena kwa mwaka na nusu. Na hilo pia nalikumbuka.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, dereva wetu mmoja, Nassibu, akaja na simu mkononi anacheka. Nassibu ni mtu wa Newala, mpole, lakini akikutania utakaa siku nzima unajikuna. Akaniambia fundi, umepata mtoto Mbezi na hujatuambia. Vijiwe vya huko vimepewa programu mpya na kampuni moja, inaitwa Foleni, na shemeji yake anayo. Nikaifungua. Nikabonyeza ovyo ili ikosee, nayo ikaniandikia: *Oya tulia, zamu yako ipo.* Hayo ni maneno yangu. Niliyaandika mie siku nilipokuwa na njaa na Brightson ananipigia kelele.

Nikachimba ndani. Ilikuwa Zamu, mstari kwa mstari, imevalishwa rangi nzuri na kufungwa, hakuna anayeweza kuisoma bila kuchokonoa kama nilivyofanya. Lile sharti la kuweka wazi walichobadilisha walikuwa wamelikanyaga. Tanga walikuwa wameizima. Mistari yote kumi na minne ilikuwepo, lakini mbele ya kila mmoja waliweka alama ya kuufanya usifanye kazi, na juu yake mtu aliandika: *haina tija*. Badala yake waliweka sheria yao, kwamba dereva asipoonekana siku mbili anafutwa, akirudi aombe upya.

Nilienda ofisini kwao. Nilitegemea kufukuzwa, nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa, maneno yote nilikuwa nayo. Badala yake nikakaribishwa chai na dada mmoja anaitwa Herieth, meneja wao, msomi, mtu wa kwetu Bukoba kabisa, akaniuliza habari za nyumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wanajua, mwanasheria wao amelisoma lile faili na ni kweli kuna sharti. Kwa hiyo wamemwandikia mwenye mali barua, wamuombe alifute sharti hilo na ahamie Foleni. Kikao ni Jumamosi.

Nikamuuliza mwenye mali gani.

"Kijiwe cha Mtaroni," akasema. "Samahani kaka Wilbert, kwani wewe pale ni nani?"

Hakuniuliza kwa dharau. Nikamaliza chai yake, nikaaga.

Nilipotoka nikampigia Jawad. Sikuomba msamaha, nilimweleza tu, na yeye hakunidai msamaha. Akaniambia Foleni waliichukua na ile mistari yake kumi na moja, ambayo alikuwa ameiandikia jina lake juu. Aliwaandikia barua moja tu. Wiki ile ile wakaiondoa, wakaandika ya kwao, wakamtumia na barua ya kuomba radhi.

"Mimi walinijibu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumjibu," akasema. Kisha akanishauri nikimbie kwa Brightson kabla ya Jumamosi, niandikishwe uanachama, angalau niwe na kura na haki ya kupinga.

Brightson nilimkuta anaosha pikipiki. Alinisikiliza, akafungua kisanduku cha nyuma ya pikipiki, akatoa katiba ya kijiwe ndani ya mfuko wa nailoni. Katiba hiyo niliichapa mie. Kifungu cha nne kinasema mwanachama ni yule anayeendesha pikipiki kwa mikono yake mwenyewe. Kifungu hicho nilikipigania mie, jioni tatu mfululizo, kwa sababu matajiri wenye pikipiki walitaka kuingia vikaoni wawaamulie madereva, nami nilisimama nikasema asiyekaa juu ya kiti cha pikipiki asituongoze. Walinipigia makofi.

"Fundi, wewe hata baiskeli unaiogopa," Brightson akasema, anacheka, kisha akaacha kucheka aliponiona. Akasema akinivunjia katiba mie, kesho tajiri yake mwenyewe atataka avunjiwe. Alikuwa sahihi. Hayo yalikuwa maneno yangu, ameyahifadhi vizuri kuliko daftari lake.

Alhamisi mama yake Nassibu akafariki. Tulimchangia nauli, akapanda basi la Newala, na jina lake likapanda juu kabisa ya skrini, likakaa pale.

Jumamosi mvua ilikuwa inanyunya. Herieth alikuja na maboksi: kofia ngumu mpya za madereva wote, vizibao vya viakisi mwanga vyenye nembo ya Foleni mgongoni, na mchoro wa banda la bati, kwa sababu Mtaroni watu wananyeshewa tangu kijiwe kianze. Aliongea kwa heshima, na kwa ufupi. Akaeleza kila kitu, hata ile sheria ya siku mbili hakuificha. Hakuna aliyedanganywa pale, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu kwenye uongo ningejua pa kushika.

Vikaoni Mtaroni watu wanaongea kwa zamu, aliyefika kwanza anaanza. Niliomba nafasi, Brightson akasema mgeni atasubiri wanachama wamalize. Wakaongea. Mmoja akauliza kama kofia zina kioo. Mwingine akataka kujua banda litaanza lini. Mzee Fakihi, dereva wetu mkongwe, ndiye pekee aliyegusa jambo. Akauliza, na Nassibu je, aliye kwenye tanga, itakuwaje jina lake?

Herieth akasema akirudi ataomba upya, ni kubonyeza tu, haichukui dakika tano, lakini ataanzia mwisho kama wengine.

Mzee Fakihi akatafakari kidogo, akasema basi sawa, dakika tano si nyingi.

Ikafika nafasi yangu. Niliyoyasema yalikuwa ya kweli na yalikuwa marefu. Nikawaambia wanauza kitu pekee hapa mjini ambacho kiliandikwa kwa namna yao. Nikawaambia leo ni Nassibu, kesho ni wewe, mama zenu wako hai mpaka lini. Hapo nilikosea. Niliona nyuso zikikunjamana, maana mama wa mtu hatajwi hivyo kikaoni, tena na mtu asiye mwanachama. Mmoja akasema kwa sauti ya chini tu kwamba fundi anataka tuendelee kunyeshewa ili programu yake isifiwe.

Kura zikapigwa. Mikono ishirini na mitatu ya kukubali, na wa Brightson wa kwanza. Nikauliza kura ya Nassibu. Brightson akasema Nassibu hayupo, na asiyekuwepo hapigi, ndivyo katiba inavyosema. Akasaini. Kisha akaja mezani kwangu, akaniomba nizime Zamu, kwa sababu mie ndiye ninayejua inavyozimwa. Nikakataa. Akasimama kidogo, mvua inamdondoka kwenye kofia mpya, akachomoa waya mwenyewe. Akasema tusiwekeane kinyongo. Kinyongo ninacho, na nimemwambia ninacho.

Jumapili mchana nikampigia Nassibu Newala. Nilimpa pole ya mama, tukaongea habari za mazishi, mvua ya huko, nani alifika na nani hakufika. Kisha nikamweleza yote: kikao, kofia, kura, jina lake lililokuwa juu na sasa halipo popote. Nilimwambia angekuwepo angewasimamisha. Nilitaka akasirike. Kwa kweli nilikuwa nimempigia kwa ajili hiyo, mtu yuko matangani, nami namtafutia hasira.

Nikasikia wanawake nyuma yake wanaosha vyombo.

"Fundi," akasema, "na kofia yangu wameniwekea?"

Nikamwambia nitauliza.