Cheti cha Mtu Aliye Hai

Mume wa Mama Pindo alikuwa hajatimiza miezi miwili kaburini pale karatasi ya ofisi ya ardhi ilipopenyezwa chini ya mlango. Mama Pindo aliisoma akiwa ameketi kwenye cherehani, mguu ungali juu ya kanyagio. Akasimama, akaisoma upya. Hati zote za zamani zibadilishwe ndani ya miezi sita. Nyumba ambayo mwenye jina lake amefariki, warithi walete karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Isiyobadilishwa itahesabiwa kuwa haina mwenyewe.

Jina la Mama Pindo alipewa na mtaa, kwa kuwa pindo la suruali lililopita mikononi mwake halikufumuka mpaka suruali yenyewe ichoke. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu. Mumewe, fundi bomba, alikijenga kila chumba kwa mwaka wake, ndiyo maana sakafu hazikulingana na kila mgeni lazima ajikwae. Chumba cha mbele alishonea, cha kati alilala, cha nyuma alimwekea mwanawe aliyekuwa ng'ambo. Kitanda cha huko kilitandikwa kila Jumamosi, miaka kumi na minne, hakuna aliyekilalia.

Basi akajifunga kibwebwe, akaenda mahakamani. Karani wa dirishani hakumtazama usoni. Alimwuliza marehemu ameacha nani. Mke mmoja na mtoto mmoja. Mtoto yuko wapi? Ng'ambo. Karani hakuona taabu yoyote. Mtoto aende ubalozini huko aliko, aoneshe pasipoti, asaini kwamba amekubali mama yake awe msimamizi, na ubalozi upige muhuri.

"Kazi ya siku moja hiyo, mama," akasema, akamwita anayefuata.

Mama Pindo alitoka pale bila kuuliza la pili, kwa maana mwanawe hakuwa na pasipoti ya jina lake.

Ilikuwa hivi. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alitangulia ng'ambo baada ya kufiwa na mkewe, akamwacha mtoto wake wa kiume kwa Mama Pindo. Watoto wale wawili, wa shemeji na wa kwake, walipishana miezi mitano tu. Walikula sahani moja, wakapigana kwa ajili ya mto mmoja, wakaugua surua pamoja. Walipofika miaka kumi na saba shemeji akapata kibali cha kumchukua wake. Wiki tatu kabla ya siku ya mahojiano ubalozini, mtoto wa shemeji akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku nne tu, akaenda zake.

Walimzika kijana, baba yake hayupo. Baada ya wiki shemeji akapiga simu, akalia mpaka simu ikawa haisikiki. Alipotulia akasema, "Karatasi zipo, mtu hayupo. Mpeni wenu."

Mama Pindo na mumewe walitazamana. Walidhani wameona mlango, na anayeuona mlango ana haraka. Cheti cha kifo hawakukata. Walimkalisha mtoto wao wakamkaririsha tarehe ya kuzaliwa ya mwenzake, jina la mama wa mwenzake, kovu la mwenzake alilipata wapi. Kijana alikariri huku machozi yanamtoka, wao wakadhani analilia msiba. Hakuna aliyemwuliza kama anataka. Akapanda ndege akiwa mtoto wa baba yake mkubwa, na mtoto wa Mama Pindo akabaki kwenye cheti cha kuzaliwa, ndani ya sanduku, chini ya kitanda.

Huko alisoma kidogo, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini, akaoa, akazaa mabinti wawili. Mabinti wenyewe wakaandikishwa kwa jina la yule mwenzake aliyefariki.

Kwa hiyo Mama Pindo alipofika nyumbani kutoka mahakamani alimpigia shemeji, hakumpigia mwanawe. Shemeji alivuta pumzi ndefu. Akasema kijana akijitokeza kwa jina lake la zamani, watauliza huyu wa sasa ni nani, watamrudisha nyumbani mikono mitupu, awaache wanawe, na yeye mzee afungwe. Nyumba haitaki hata kidogo. Ikibidi kusaini kitu kama ndugu wa marehemu, atasaini kesho.

"Ila shemeji, mtoto asijue," akasema. "Ana mawazo yake. Tulimaliza sisi wakubwa wakati ule, tumalize na hili."

Mama Pindo akaitikia. Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, na ninyi mnaolea msiondoe macho yenu hapo haraka.

Nje ya mahakama, chini ya mwavuli uliochanika, alikaa mpiga chapa mwenye kompyuta na meno machache. Huyo alijua sheria kuliko alivyojua kuchapa. Mama Pindo alimweleza shida ya "mtu mmoja ninayemfahamu". Mpiga chapa akacheka kidogo, akasema huyo mtu mmoja kila siku anamletea wateja. Kisha akauliza kama mtu huyo amewahi kuzika mtoto.

"Amemzika mtoto wa shemeji yake."

"Mtoto wa shemeji si amepanda ndege? Pasipoti inasema hivyo, na serikali mbili zimegonga mihuri." Akainamisha kichwa. "Sasa mle kaburini kalala nani?"

Mama Pindo akaufungua mkoba wake, akaufunga tena.

"Karatasi zilishasema zamani, mama. Wewe unakwenda kumalizia sentensi tu."

Cheti cha kifo cha mwanawe, kilichochelewa miaka yote hiyo, kilitaka kiapo cha mzazi na shahidi mmoja aliyeijua familia. Mtaani walioshuhudia mazishi yale walishahama au kufa wao wenyewe. Alibaki mkunga mstaafu, wote wakimwita Nesi, mwanamke wa miaka sabini na miwili ambaye hata polisi walimwamkia kwanza. Nesi ndiye aliyemzalisha Mama Pindo, katika chumba kilekile cha kati.

Mama Pindo alimkuta akikunja nguo zilizoanuliwa. Alieleza yote huku naye akikunja, kwa kuwa hakuweza kusema mikono ikiwa mitupu. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akaliweka shuka chini.

"Mwenzangu, mimi kazi yangu ilikuwa kuwaleta. Nimewaleta mpaka nimepoteza hesabu. Kumwondoa mmoja sijawahi. Unataka nianze na wako?"

"Cherehani nitaiweka wapi, Nesi? Niambie tu, nitaiweka wapi."

"Mwenyewe umemwuliza?"

"Nitamwambia yakishaisha."

"Mwulize kwanza. Yule si mtoto tena, ana ndevu."

Mama Pindo akasema atamwuliza. Jioni ile aliishika simu, akaona picha ya mwanawe na vile visichana vyake viwili, akaiweka simu chini. Alijiambia kwamba mtoto akijua atakosa usingizi, atakosea kazini, atafukuzwa. Mama akitaka kuogopa hakosi njia. Asubuhi alimwambia Nesi kwamba ameuliza na jibu ni ndiyo. Nesi alimkazia macho muda mrefu, akaenda kutafuta viatu vyake.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alisoma polepole. Nesi aliapa kwa sauti ileile aliyozoea kuwaambia wazazi kuwa mtoto ni wa kike au wa kiume. Ikaja zamu ya Mama Pindo. Mtoto wako yuko wapi? Nimemzika, mheshimiwa. Mwaka gani? Akautaja, na haukuwa mwaka wa uongo. Una watoto wengine?

"Sina."

"Marehemu mwanao aliacha mke au mtoto?"

Mama Pindo aliona vile visichana viwili, mmoja hana meno ya mbele. "Hapana."

Hakimu akavua miwani. "Pole sana, mama."

"Nimeshapoa," akajibu Mama Pindo.

Mambo mengine yakaenda kama maji. Karatasi ya shemeji ilifika baada ya siku kumi na mbili na mihuri yake mitatu. Tangazo la mirathi lilibandikwa ukutani mahakamani, muda wake ukaisha, hakuna aliyepinga. Ofisi ya ardhi ikatoa hati mpya, jina la Mama Pindo herufi kubwa. Jumapili mchana aliipeleka kwa Nesi kumwonesha, akarudi nayo nyumbani. Hata hajavua kitambaa cha kichwa, simu ikalia.

Ni mwanawe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Alisema amempata wakili. Wakili ameeleza kwamba aliyepelekwa kule kwa karatasi za mwingine akiwa chini ya miaka kumi na minane hahesabiwi kuwa ametenda kosa, ni wakubwa waliotenda. Anaweza kujieleza, akarudishiwa jina lake, na wanawe wakabadilishiwa. Amekwisha kuzungumza na mkewe. Atamwambia baba mkubwa wiki hii, wakili anasema kwa umri wake hawatamfunga. Hakutaka kumsumbua mama katika eda yake, ndiyo maana alinyamaza. Kinachotakiwa sasa ni cheti chake cha kuzaliwa, na mama aende mahakamani kuapa kwamba huyu ni mwanawe, yu hai.

"Nataka wasichana wabebe jina la babu yao, mama. Babu halisi. Sikumzika, basi angalau nimbebe."

Mama Pindo alikaa kwenye kiti cha cherehani. Akamwambia yote, tangu karatasi ya mlangoni. Alipomaliza alisikia kwa mbali watoto wakigombana kwa lugha asiyoijua na maji yakimwagika kwenye sinki.

"Mara ya kwanza hamkuniuliza," mwanawe akasema. "Nilikuwa mtoto, sawa. Sasa nina miaka thelathini na moja, mama. Simu ninayo."

Alimwahidi kwamba kesho atafuta kila kitu. Kesho yake alikuwa chini ya mwavuli kabla mpiga chapa hajawasha kompyuta. Safari hii mpiga chapa hakucheka. Alisema kufuta inawezekana: mtu anakwenda kwa hakimu yuleyule, anasema niliapa uongo, anaingia ndani. Na shahidi anaingia naye.

Mama Pindo alimpelekea mwanawe maneno hayo kama yalivyo, akaongeza kwamba yeye yuko tayari, mzigo ni Nesi. Mwanawe akasema Nesi asiguswe, mtu wa sabini na mbili hafungwi kwa ajili yake. Atamwambia wakili alifunge faili.

Chumba cha nyuma hakitandikwi tena. Mama Pindo amekijaza vitambaa vya wateja. Hati ya nyumba ameifunga kwa nailoni, iko salama. Mwanawe bado anapiga Jumapili kwa Jumapili, hajawahi kukosa, wala hajawahi kumfokea. Ila zamani alikuwa akianza kwa kujitaja jina, lile la nyumbani, kwa mbwembwe kama mtangazaji wa redio. Siku hizi anasema tu, "Ni mimi."

Na Mama Pindo humwitikia, "Mwanangu," kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni kwanza kama kuna mteja.