Uvimbe Unaofugwa Kinondoni

Kuku hufugwa, mbuzi hufugwa, hata njiwa wana wenyewe. Lakini uvimbe? Bi Somoe aliposikia kwamba kile kinyama walichomnyofoa hospitali kwenye uvimbe wa titi kiko hai na kinakua katika maabara moja ya Kinondoni, alimwachia jirani yake Chausiku meza yake ya dagaa pale soko la Tandale, akajitanda kanga na kuondoka bila kuaga vizuri.

Sasa alijua kwa nini dripu nne za dawa ya saratani hazikumfaa kitu. Huku wanauua, kule wanaulisha. Uvimbe utakufaje, na pacha wake ananenepeshwa?

"Shikamoo, mama," alisema Eufrazia, mtaalamu wa maabara.

"Marahaba. Kimwage."

"Kitu gani, mama?"

"Hicho mnachokifuga. Leo hii, na mie nikiona."

Eufrazia hakubisha. Alisoma kadi yake ya kliniki, akamvutia kiti mbele ya darubini. "Nitakimwaga. Ila kwanza mtazame adui yako."

Bi Somoe aliinama. Akaona vijivimbe vya mviringo, vimenawiri kama kunde zilizolowekwa.

"Hivi vimeota kutoka kwenye kile kinyama chako. Tumevipa dawa uliyokuwa unatundikiwa. Vimeshakuwa sugu, havisikii."

Hasira zilimpanda. Miezi mitatu anatapika, nywele zimekwisha kichwani, kumbe mwenzake anaigeuza dawa uji wa asubuhi!

Eufrazia alibadilisha kisahani. "Hivi ni ndugu zao. Tumevipa dawa nyingine."

Humo hamkuwa na kunde. Mlikuwa na chengachenga nyeusi, zimesambaratika.

"Vimelala?"

"Vimekufa, mama. Tangu juzi. Ndiyo maana tunavifuga, tuvijaribie vyenyewe dawa, tusikujaribie wewe."

Bi Somoe alirudisha jicho kwenye darubini, akatazama tena, na tena. Tangu Ramadhani alikuwa anaogopa kufa na hakumwambia mtu. Machozi yalimtoka mbele ya binti wa watu, wala hakuona haya.

Madaktari wakakaa, wakayapima majibu, wakambadilishia dawa. Baada ya dripu ya tatu, Daktari Hope alimlaza kitandani kliniki, akampapasa titi. Akarudia. Akatoa rula yake ya kupimia uvimbe, akabaki ameishika, hajui aiweke wapi.

"Tafuta tu, mwanangu," alisema Bi Somoe. "Hata mie nautafuta tangu Jumapili, siuoni."