Mshumaa wa Agnieszka

Bibi yake Loretta alikufa akiwa na miaka miwili, kisha akapanda meli kwenda Amerika, akazaa watoto sita. Ndivyo vitabu vya parokia ya kwao Poland vilivyosema, na Loretta alivisoma mara nne kwa miwani na mara moja bila miwani.

Jumamosi ile alikuwa ameshika tama mbele ya kompyuta, katika chumba cha nyaraka cha Wapolandi wa mji wa Buffalo, huko Amerika. Agnieszka Pytlik, amebatizwa 1891, binti wa Walenty na Rozalia. Agnieszka Pytlik, amezikwa 1893, wazazi hao hao, kijiji hicho hicho. Sasa yule waliyemzika wao hapa Buffalo alikuwa nani? Mwizi wa jina? Mchonga mawe alikuwa akingoja tarehe ya kuzaliwa ya bibi aichonge kwenye jiwe la kaburi kabla ya Siku ya Watakatifu Wote, watu wanapowasha mishumaa makaburini, na mama yake, Irena, mwenye miaka tisini na mmoja, alishasema hafi mpaka kaburi la mama yake likamilike. Mzee kama huyo utamwambiaje kwamba mama yake hajulikani?

Mzee Zenon, aliyejitolea kuwasaidia watafutaji, alikuwa akitafuna andazi lenye jamu. Aliuliza orodha ya abiria wa meli ilimwandikia bibi umri gani. Loretta akajibu kumi na minane, mwaka 1912, ila yeye hakuwaamini wale makarani wa bandarini, wanaandika ovyo.

"Waache makarani wa watu, mama," Zenon alisema. "Wewe ulipoliona jina tu, ukafunga kitabu. Hebu fungua 1894."

Akafungua. Agnieszka Pytlik, amebatizwa Januari, Walenty na Rozalia.

"Mtoto alipokufa, aliyemfuata alipewa jina lake. Wazee wetu ndivyo walivyofanya."

Loretta alijiona mjinga kupindukia. Alifurahi, akasikitika, tena hakujua hasa anamsikitikia nani, na akatoka bila hata kufunga koti.

Alimkuta mama yake jikoni anaviringisha nyama kwenye majani ya kabichi. Akamweleza yote, pole pole, huku akitarajia ashangilie ile tarehe. Irena akaacha kuviringisha.

Kila mwaka siku hiyo ya Watakatifu, alisema, mama yake aliwasha mshumaa wa mumewe, halafu wa pili, na akiulizwa ni wa nani, anasema wa Agnieszka. Yeye na ndugu zake walicheka mpaka mbavu ziwaume, eti mama anajiwashia mwenyewe angali hai.

"Mwaka mmoja nikaona haya. Nikamwambia mama, acha upuuzi, watu wanatutazama."

"Akasemaje?"

"Aliuzima ule mshumaa, akautia mkobani. Hakuuwasha tena."

Irena alijifuta mikono kwa aproni, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kukauka.

"Kesho ukipita dukani," akasema, "ninunulie mshumaa mmoja. Huo nitauwasha mwenyewe."